Mbolea Yako Isiende Mtoni

Sisi tunaofanya kazi maofisini na kulima siku ya Jumamosi hatuchagui siku ya kutia mbolea. Twaitia siku tuliyopata nafasi. Kosa hilo lilinigharimu masika moja, nami napenda kuwaelezeni ili lisiwapate.

Shamba langu liko kwenye mteremko, na kijito kilicho chini yake huingia katika Mto Nyando. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Jumamosi ile mawingu yalitanda, lakini kwa haraka yangu nikatawanya mbolea ya kukuzia juu ya ardhi, mifuko miwili yote, nisiifukie. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi nilikuta vijifereji toka juu mpaka chini. Baada ya majuma machache mahindi yangu yakageuka manjano, bali yale ya mzee jirani yangu, pale chini, yalikuwa kijani kibichi. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ahsante, mwaka huu umenilimia na mimi." Nilicheka, lakini fedha ile ningaliweza kuilipia karo ya mtoto.

Yafaa tujue jinsi hasara hii inavyotokea. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia iitwayo DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Naitrojeni huyeyuka na kwenda na maji. Fosfati hushikamana na udongo, na udongo ukichukuliwa nayo huchukuliwa. Wala safari haikomi kwa jirani. Mto Nyando huishia katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na huko chakula cha mahindi yetu hulisha gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limewafungia wavuvi njia za mitumbwi yao mara nyingi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mbolea ya kupandia itiwe shimoni, kiasi cha kifuniko kimoja cha soda, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu iwekwe juu, isije ikaungua. Pili, mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili, nusu mahindi yafikapo magotini, na nusu kabla hayajatoa maua. Nayo ifukiwe kando ya shina. Mawingu mazito yakitanda, ngojeni. Afadhali kukawia siku mbili kuliko kupoteza mfuko. Tatu, chimbeni mitaro inayokingama mteremko, udongo mkiutupa upande wa juu. Haya ndiyo matuta ya "fanya juu", ambayo watu wa Machakos walianza kuyatumia sana katika miaka ya 1950. Pandeni majani ya nepia juu ya matuta hayo. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe. Nne, acheni ukanda wa majani kando ya kijito, msilime mpaka ukingoni. Na samadi nayo ifunikwe, kwani ikinyeshewa nguvu zake huondoka vilevile.

Kazi ya mitaro ni nzito, sikatai. Mimi na mama watoto tuliichimba Jumamosi nyingi, mikono ikatoka malengelenge. Lakini masika yaliyofuata mahindi yangu yalikuwa kijani toka juu mpaka chini, na mzee jirani akaniuliza kwa mzaha, "Mwanangu, umeacha kununua mbolea?"

Nikamjibu, "La, mzee wangu. Nimeacha kuitupa."