Jina la Mtoto Huanza Kuchaguliwa Darasani

Wapo watu wengi miongoni mwetu washikiliao kwamba kumchagulia mtoto jina ni jambo la siku moja: mtoto huzaliwa, wazazi hushauriana, jina hutajwa, na mambo yamekwisha. Huongeza kwamba uchaguzi huo ni wa mtu binafsi, wala haufai kuhojiwa, kwa kuwa kipenda roho hula nyama mbichi. Makala haya yanakusudia kuipinga kauli hiyo. Mapenzi ya majina hayazaliwi siku ya arobaini wala siku ya ubatizo. Hujengwa polepole tangu mzazi mwenyewe alipokuwa mtoto, na wajenzi wake wakuu ni watu wazima wanaomzunguka, hasa walimu. Kwa hiyo, ikiwa majina ya asili yanafifia katika wilaya za Ngara na Biharamulo, lawama zisiwaangukie akina mama vijana wanaowaita watoto wao kwa majina ya mbali. Wao wanavuna tulichopanda sisi.

Tuangalie kwanza jinsi mapenzi hayo yajengwavyo. Mtoto mchanga huanza kulitambua jina lake akiwa na umri wa miezi minne na nusu hivi, muda mrefu kabla hajatamka neno lolote. Baadaye huyajua majina ya ndugu na ya majirani. Akifikia miaka mitano au sita utamkuta amejitengenezea mtoto wa bandia kwa gunzi la muhindi au kwa magome makavu ya mgomba, amembeba mgongoni, naye amempa jina. Sikiliza ni jina gani. Mara nyingi utasikia lile ambalo amelisikia likitajwa kwa heshima. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwa majaribio kwamba binadamu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho mara nyingi, hata kama hajui maana yake. Wahenga wetu walilijua jambo hilo bila maabara, wakanena: mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Ushahidi tunao nyumbani. Katika Biharamulo, walikohamia Wasukuma wengi, pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto awafuatiaye huitwa Shija. Katika Ngara, pacha ni Bukuru na Butoyi, yaani ukubwa na udogo. Jozi hizi mbili zimetokana na wazo moja, na kila moja inatamkika kwa urahisi kinywani mwa Mtanzania yeyote. Lakini Kulwa na Doto wametembea. Wameingia katika hadithi za watoto na katika mazungumzo ya kila siku, hata mzazi wa Tanga au Lindi asiyejua neno la Kisukuma huwapa wanawe majina hayo bila kusita. Bukuru na Butoyi je? Ukiyataja mbali na magharibi ya nchi, utaulizwa kama watoto hao ni wageni. Je, Kisukuma ni kitamu kuliko Kihangaza? Hata kidogo. Tofauti iko katika masikio: jozi moja tumeisikia tangu utoto, ya pili hatukusikilizishwa.

Na tunachokikosa si kidogo. Majina mengi ya Ngara ni sentensi kamili, na mwalimu wa sarufi angepata humo somo la wiki nzima. Ndaisaba maana yake ni "namwomba", na anayeombwa ni Imana, yaani Mungu, ambaye hakutajwa waziwazi bali amewekwa ndani ya kitenzi kwa kiambishi kimoja tu. Ndayizeye, jina la mtindo huohuo, ni "nimemtumaini". Mengine ni barua kwa jirani: Baranyanka, jina lililojulikana sana Burundi kwa mtemi mmoja wa zama za ukoloni, maana yake ni "wananichukia". Mzee asiyetaka ugomvi wa maneno alimzaa mtoto, akampa jina, na kila aliyemwita mtoto huyo alikuwa ameusoma ujumbe. Ushairi wa namna hiyo, uliobanwa katika neno moja, tunauacha ili tupate nini?

Yafaa tueleze dharau hii ilikotoka. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mtoto anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, yeye aliongeze jina la mtakatifu. Huku kwetu utakatifu huo ulikuja umevaa tahajia ya Ulaya. Kisha mtoto akaenda shule, akaandikwa kwa jina lile la ubatizo, na jina la nyumbani likabaki kwa bibi yake. Hakuna mtaala ulioandika somo hilo, lakini kila mtoto alilifaulu: jina la shuleni ni safi, jina la nyumbani lina matope. Mtoto aliyeitwa hivyo kila asubuhi kwa miaka saba, akija kuzaa, atachagua lipi?

Katika Ngara imeongezeka sababu ya pili, nayo ni hofu. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda na Burundi, na lugha za Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Tangu hapo mzazi wa Ngara amekuwa na sababu ya kujiuliza kama jina la babu yake halitamletea mwanawe maswali mbele ya meza ya karani. Sipingi ukaguzi wa uraia. Kulinda mipaka ni wajibu wa dola. Ninachopinga ni jina kufanywa ushahidi. Mpaka huo ulikatwa na wakoloni. Majina yalikuwapo kabla ya mpaka. Raia anayelazimika kuficha jina la ukoo wake ili aaminiwe katika nchi yake amepunguziwa kitu ambacho cheti hakiwezi kumrudishia.

Najua majibu yatakayotolewa. Wengine watasema dini inakataza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka tu kwamba jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo, na Uislamu wahimiza jina lenye maana njema. Ndaisaba ni sala. Ni dini ipi itaikataa sala? Wengine watasema majina haya ni magumu. Mtoto tunayemfundisha kuandika Shakespeare bila kukosea atashindwaje na Ndayizeye? Wengine watasema kuna majina yanayochekesha au yanayoumiza. Ni kweli, na hakuna anayelazimishwa kuchukua kila lililoachwa na wazee; tuchague yaliyo mema. Lakini tusikiogope kicheko mno. John Pombe Magufuli, aliyezaliwa mwaka 1959 huko Chato, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Biharamulo, alikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili ni kinywaji, naye akawa Rais wa nchi mwaka 2015. Halikumzuia.

Wapo pia watakaodai kwamba majina ya asili huamsha ukabila. Baba wa Taifa aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, na hakuna aliyefanya zaidi yake kutuunganisha. Ukabila hukaa katika upendeleo, haukai katika jina. Wala sidai itolewe amri. Mwaka 1972 Mobutu aliwalazimisha watu wa Zaire kuacha majina ya Kikristo, na mara utawala wake ulipodhoofika wengi waliyarudia. Kinachopendwa kwa amri hakidumu.

Taifa hili lenyewe limekwisha kutuonyesha njia. Hadi mwaka 1979 mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, jina la mchora ramani asiyejua mengine ila upande wa dira. Baada ya vita dhidi ya Idi Amin ukaitwa Kagera, kwa jina la mto wake. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuona ugeni wowote, kwa kuwa walilikuta likitamkwa redioni na kuandikwa vitabuni. Lililowezekana kwa mkoa haliwezi kushindikana kwa mtoto.

Basi kazi iko kwa nani? Kwanza kwa mwalimu. Aliite jina la asili la mwanafunzi kila asubuhi pamoja na lile la ubatizo, alitamke sawasawa, na asiruhusu darasa kulicheka. Awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize maana ya majina yao na sababu ya kupewa, kisha waandike insha. Pili kwa waandishi wa vitabu vya shule: pale wanapowaweka Kulwa na Doto, siku nyingine wawaweke Bukuru na Butoyi, ili mtoto wa Mtwara awajue kuwa ni ndugu zake. Tatu kwa sisi watumishi wa serikali: tuandike jina kama mwenyewe alivyolitaja, wala tusilinyooshe kwa kalamu yetu.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, baada ya miaka michache mtakuwa wazazi. Siku hiyo mtadhani mnachagua kwa hiari, kumbe mtakuwa mnarudia mlichokisikia mkiwa wadogo. Anzeni kusikiliza sasa, wakati wenye kuijua maana bado wapo. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa mwepesi kuliko wote ni ule ambao mtu huupokea akiwa mchanga, akauita mapenzi yake.