Dada, Shika Kalamu: Wa Kwanza Kufaidika ni Wewe



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Mwaka mmoja nilishona sare za harusi, magauni 12 ya lesi, kwa upande wa bi harusi hapa kwetu Ziwani. Nyie mlio visiwani huenda hamjui, lakini huku Mtwara biashara inakwenda na korosho. Minada ikianza, kama mwezi wa kumi hivi, na fedha za wakulima zikaingia benki, ndipo madeni yanalipwa. Kabla ya hapo ni "fundi nishonee, nitakulipa korosho zikiuzwa." Basi wanawake 12, kila mmoja na kianzio chake na salio lake, na mimi nimeviweka vyote kichwani. Nilijiamini.

Msimu ulipofika nikamfuata mmoja wao kumdai shilingi 25,000. Akaniambia, "Dada, mbona nilishakulipa?" Nikakataa, tena nikakataa mbele ya watu, uani kwao, siku ya shughuli. Maneno yakanitoka. Wiki mbili baadaye natafuta kitu kingine kwenye simu, nikakuta meseji ya muamala: 25,000, imetoka kwenye namba ya mumewe. Dada wa watu alikuwa amelipa kweli.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe, alhamdulillah, ila hakuleta tena kitambaa chake kwangu mpaka leo. Nilimvunjia heshima Muislamu mwenzangu kwa sababu nilivivu kuandika mstari mmoja.

Tangu siku hiyo nina daftari. Na maoni yangu ni haya: mwanamke anayeandika mambo yake, hata kama hakuna mwingine atakayeyasoma, anajifaidisha mwenyewe kuliko anavyodhani.

Faida ya kwanza ni amana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani si ya swala wala ya funga. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inazungumzia kuandika deni. Mola wetu ametuelekeza tuandike, deni liwe dogo au kubwa, tusichoke, kwa sababu kuandika kunaondoa shaka. Mimi nilikuwa naisoma tangu chuoni na sikuwahi kuifikiria nikiwa kwenye cherehani. Nilidhani kumwandikia shoga yangu deni ni kumwonyesha kwamba simwamini. Kumbe daftari linamlinda yeye na ulimi wangu.

Faida ya pili ni kujijua. Nilipoandika miezi mitatu mfululizo, nini nimeshona, siku ngapi, nimepata kiasi gani, nikashtuka. Gauni la bi harusi lenye shanga nilikuwa nalitoza ufundi 60,000, na nilijivunia sana. Lakini lilinichukua siku 5, maana yake 12,000 kwa siku. Madera niliyokuwa nayadharau nilishona manne kwa siku kwa 5,000 kila moja, yaani 20,000. Ile kazi niliyoiona ya heshima ndiyo ilikuwa inaninyonya. Sikuacha magauni ya harusi, nayapenda mno, ila nilipandisha bei, na mteja akiuliza sababu namweleza bila kubabaika. Sikuhitaji kozi nyingine ya biashara. Nilihitaji kuona maisha yangu kwenye karatasi.

Faida ya tatu ni ya moyo. Mama alipougua, nilikuwa namuuguza usiku na kushona mchana. Sikuwa na wa kumwambia kila kitu, na mengine si ya kumwambia mtu. Nikaanza kuandika mistari michache baada ya isha: leo kala nini, kasema nini, nimechoka wapi, nimshukuru Allah kwa lipi. Haikuondoa uchungu, lakini nililala. Na mama alipofariki, Allah amrehemu, nimebaki na maneno yake kwa hati yangu mbaya. Siyauzi kwa dhahabu yoyote.

Hili si jambo geni kwa wanawake wa pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, kule kisiwa cha Pate, alikuwa mgonjwa na mumewe ameshafariki alipotunga utenzi wake mwaka 1858. Alimtungia binti yake, na mwanzoni kabisa anamwita asogee na wino na karatasi. Kama miaka miwili baadaye akatangulia mbele ya haki. Wapo wanaoujadili utenzi ule kwa namna unavyosisitiza utii kwa mume, na mjadala huo una mahali pake. Mimi naangalia kitu kimoja: mama mgonjwa alikuwa na jambo la kumwambia mwanawe, hakuliacha lipotee na pumzi yake. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado tunamsikia.

Wapo watakaosema mwanamke na kalamu wapi na wapi. Nawakumbusha Shifaa binti Abdillah, swahaba aliyejua kuandika wakati ambapo hata wanaume wengi wa Makka hawakujua. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud tunaona kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.), kuandika. Na kwa huyo huyo Bi Hafsa ndiko kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Abubakar zilikohifadhiwa baada ya Sayyidna Umar kufariki, mpaka Sayyidna Uthman alipoziazima zinakiliwe. Basi mwanamke na kalamu ni wa siku nyingi.

Wengine wananiambia, "Kuandika ni kutoa siri za nyumba." Hapo nakubaliana nao nusu. Ya chumbani usiyaandike. Aibu ya mume aliyoisitiri Allah, nawe isitiri. Ukikasirika, andika hasira yako, kisha chana karatasi uende ukatawadhe. Lakini hesabu zako, vipimo vyako, dua zako, mapishi ya mama yako na ulichojifunza darsani, hivyo si siri za nyumba. Hivyo ni akiba yako.

Na kwa mabi harusi wetu nina neno la pekee, maana nawapima magauni kila wiki na najua mnachokiwaza. Mnajua rangi ya maua ya ukumbini, mnajua idadi ya sare. Nikiuliza mahari imekubaliwa kiasi gani, iliyotolewa ni ipi na iliyobaki ni ipi, naambiwa "anajua baba." Mwanangu, mahari ni haki yako, si ya baba wala ya mjomba. Iliyobaki ni deni juu ya mumeo, na akitangulia, deni hilo linatolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Sasa utalidai vipi kama halikuandikwa popote na mashahidi wamezeeka? Hakikisha imeandikwa kwenye cheti cha ndoa, iliyotolewa na iliyobaki. Kisha chukua daftari lako uandike vyombo ulivyokwenda navyo: kitanda, makabati, dhahabu gramu ngapi, cherehani kama unayo. Kufanya hivyo si kuwaza talaka. Ni kuifuata ile aya.

Usiniambie hukusoma. Mimi ni wa kidato cha nne na kozi ya ushonaji, na hati yangu hata mwanangu anaicheka. Daftari halitoi maksi. Anza usiku wa leo, ukishaswali isha, mistari mitatu tu: nilichopata au ninachodaiwa, nilichojifunza, na ninachomshukuru Allah. Kesho mitatu mingine. Ukiruka siku, usijilaumu, endelea.

Yule dada wa lesi bado nakutana naye njiani. Tunasalimiana vizuri. Kila nikimwona, nikifika dukani nafungua daftari kwanza kabla sijawasha taa ya cherehani.

Allah atujaalie kalamu zetu ziwe mashahidi wa kheri kwetu, siku ambayo kila mmoja atapewa kitabu chake akisome. Amin.

Wabillahi tawfiq.