Muhuri kwa Mwenyekiti, Fungu kwa Mkurugenzi

Muhuri wa mtaa unakaa kwenye mfuko wa koti. Nimeuona mwenyewe Makambako, asubuhi ya baridi ya Juni. Mwenyekiti aliutoa, akaupulizia pumzi ili wino ulainike, akaugonga kwenye barua ya utambulisho ya mama aliyekuwa anakwenda kufungua akaunti benki. Akabaki ameishikilia ile barua. "Ya karatasi, mama." Mama akafungua fundo la khanga, akatoa elfu mbili. Karatasi yenyewe alikuja nayo kutoka steshenari.

Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nilinyamaza, nikatoa yangu elfu mbili.

Mwenyekiti yule simtetei. Muhuri si mali yake, na kuuza huduma ya umma ni rushwa hata ukiiita ya karatasi, ya wino au ya soda. Lakini hasira yangu haiishii kwake. Mtu huyo tumempigia kura, hana mshahara, ofisi yake ni kibaraza cha nyumba yake, na usiku wa manane ndiye anayegongewa mlango: mwizi kakamatwa, mke kapigwa, kuna msiba. Posho akiipata ni kwa hisani ya makusanyo ya halmashauri. Wakati huohuo dereva wa mkurugenzi ana mshahara kila mwezi. Aliyepanga hivyo alishaamua nani atamlipa mwenyekiti: yule mama wa fundo la khanga.

Panda ngazi moja. Diwani naye tunamchagua, tunamwita mheshimiwa, tunamvalisha joho. Mkurugenzi wa Mji, anayeshika fungu, anateuliwa na Rais, kama Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa. Kwenye Baraza la Madiwani mkurugenzi ndiye katibu. Kwa maandishi yeye ni mtumishi wa baraza. Kwa vitendo, ajira yake, uhamisho wake na kutumbuliwa kwake vinatoka juu. Sasa diwani akisimama kuulizia mtaro wa kata yake, unadhani mkurugenzi anamwogopa nani? Diwani anajibiwa kuwa hoja imepokelewa na inafanyiwa kazi. Mwaka unaofuata mtaro uko vilevile, na hoja bado inafanyiwa kazi.

Ugonjwa huu una historia. Mwaka 1972 serikali ilizifuta serikali za mitaa kwa jina tamu la Madaraka Mikoani, kwa mpango uliotokana na ushauri wa kampuni ya Marekani, McKinsey. Miji ikaoza hadi ikabidi itungwe sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978, kisha sheria kamili mwaka 1982, nazo halmashauri zikaanza upya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zikaandikwa, na lengo likatajwa waziwazi: kupeleka madaraka kwa wananchi.

Madaraka gani? Mwaka 2016 kodi ya majengo ilitolewa mikononi mwa halmashauri ikakabidhiwa TRA, na tangu 2021 tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU. Mwenye nyumba wa Njombe mjini anachangia taifa kila akiwasha taa, kisha anamlaumu diwani kwa barabara yenye matope.

Ila madiwani wasijifiche nyuma ya Dodoma, kwa maana yapo wanayoyaweza leo bila kibali cha mtu. Lumbesa, kwa mfano. Viazi vya mikoa yetu vinapakiwa kwenye gunia lililoongezewa kilemba mpaka linamzidi kimo mtoto wa darasa la tano, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Magari yanayobeba magunia hayo hayapiti angani. Yanapita barabarani, mbele ya macho ya watoza ushuru, yanakuja kutokea Makambako pale njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam. Mtoza ushuru ameona gunia. Kilemba hajakiona? Baraza lingetaka, lingekuwa na mzani kwenye kila kituo na diwani amesimama pembeni yake. Halitaki, kwa sababu mwenye gari ana simu za wakubwa na mkulima ana jembe.

Na kwa nini litake? Ushindani umekufa kuanzia chini, mtaani: kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, CHADEMA na ACT-Wazalendo walijitoa wakilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Ule wa Novemba 27, 2024, chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Kikao ambacho wote wametoka mlango mmoja kinakuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Hoja inapita kabla haijasomwa.

Nasi tumo. Kila mtu hapa anajua bei ya ulanzi wiki hii; bajeti ya halmashauri tunaijua wangapi? Mkutano wa mtaa ukiitishwa tunatuma watoto waangalie kama kuna posho. Basi nawasihi majirani zangu: mkutano ujao twende, tukae mbele, tudai mapato na matumizi yasomwe kwa tarakimu, si kwa "fedha zilipatikana zikatumika". Na mwenyekiti alipwe mshahara, halafu akidai ya karatasi tumpeleke TAKUKURU bila huruma.

Nilipita juzi ofisi ya mtaa kuangalia ubao wa matangazo, mahali pa kubandika hesabu zetu. Kulikuwa na tangazo moja tu, la mbuzi aliyepotea mwezi Machi.