Picha Haizeeki

Wazee wetu wa Mombasa waliokwenda kutazama sinema za Kihindi hawajamsahau Madhubala, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933 kwa jina la Mumtaz Jehan. Mwaka 1951 James Burke, mpiga picha wa jarida la Life, alimpiga picha; na kwa wengi, tabasamu lile ndilo Madhubala mwenyewe. Picha hazikuonyesha kuwa alizaliwa na tundu katika moyo, wala miaka aliyolala kitandani akidhoofu hadi kufariki mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 2010 kaburi lake la Juhu, Mumbai, lilivunjwa kuwapisha maiti wengine. Kaburi limetoweka; picha haijazeeka hata siku moja.

Dada zangu, binti anayejipima kwa picha hujipima kwa dakika moja tu ya umri wa mwenziwe, tena iliyochaguliwa. Tumfundishe kuuliza: picha hii imeficha nini? Na tumtajapo marehemu, tumwombee rehema. Dua itamfaa, kusifiwa uso wake hakumfai kitu. Wallahu aalam.