Jike asipandishwe mapema

Mwandishi, hapo uliposema jike wa chatu wa mwaka mmoja na nusu anafaa kupandishwa, hapana. Hawa chatu wanaojiviringa kama mpira nawafuga hapa Ohio, na jike wangu nilimsubiri mpaka akafika gramu 1,500, ana miaka mitatu. Alitaga mayai sita, yameng'ang'aniana kama yametiwa gundi. Kila yai nililiwekea alama ya penseli juu nisije nikaligeuza, maana ukiligeuza kijusi kinaweza kufa. Joto nyuzi 31, siku ya 58 pua ya kwanza ikachungulia! Na ndugu uliyeuliza kuhusu chatu wenye jeni ya spaida, nakuomba usiwazalishe. Jeni hiyo huwatikisa kichwa, hata kumlenga panya ni taabu.