Ushujaa hauna rangi, nishani zilikuwa nayo

Mwaka 1879, katika vita vya Waingereza na Wazulu, Sajini Edmund O'Toole, mwenye asili ya Kiireland, wa kikosi cha wapanda farasi cha Frontier Light Horse, alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Inasimuliwa kwamba Lord William Beresford, ofisa aliyeokoa naye majeruhi, alikataa kuipokea nishani hiyo mpaka O'Toole naye apewe.

Job Maseko wa Springs, mashariki ya Johannesburg, hakubahatika hivyo. Jeshi la Afrika Kusini liliwanyima askari weusi bunduki, likawapa mikuki. Alipotekwa Tobruk, Libya, mwaka 1942, Maseko alijaza baruti kwenye kopo la maziwa akazamisha meli ya adui bandarini. Kisha akatoroka, akatembea wiki tatu hadi El Alamein. Akapewa Medali ya Kijeshi. Inasemekana alipendekezwa kupata Msalaba wa Victoria, rangi yake ikamkwamisha. Alikufa mwaka 1952 kwa kugongwa na treni.

Leo shule huko KwaThema ina jina lake, na picha yake imo katika jumba la makumbusho ya kijeshi Johannesburg. Ndugu zetu mnaoishi huko, wapelekeni watoto wakaione.

Nasi tuandike habari za babu zetu wa KAR waliopigana Burma, kabla hazijazikwa pamoja na wanaozikumbuka. Tusingoje wengine watuhesabie mashujaa wetu.