Tusimlaumu Mama

Wako watu wafugao katika matangi ya kioo wale samaki wadogo waitwao gapi, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Mara nyingi mfugaji hulalamika, "Jike huyu azaa majike matupu," kisha humtupa akanunua mwingine. Ndugu wasomaji, huko ni kumhukumu asiye na hatia.

Kwanza, watoto wa gapi wakiwa wachanga wote hufanana na majike. Yafaa kungoja majuma kadhaa kabla ya kuwahesabu. Pili, tangu uchunguzi wa mtaalamu Øjvind Winge wa Denmark, uliotolewa mwaka 1922, imejulikana kwamba mbegu ya dume ndiyo iamuayo. Tena jike huweza kuihifadhi mbegu hiyo kwa miezi, hata dume akiisha kuondolewa. Tatu, kwa samaki mmoja wa jamii hiyo atokaye Jamaika, maji yakizidi joto hutokea madume wengi zaidi.

Kwa wanadamu pia mbegu ya baba ndiyo iamuayo. Basi, bwana uliyejaliwa mabinti watano, usimnunie mkeo, wala usitafute mwingine kwa sababu hiyo. Yeye hakukosa neno.